Baiskeli ya Shemeji

Tarehe 4 Februari

Shemeji,

Madhumuni ya barua hii si kukujulia hali. Hali yako nimeshaelezwa na dereva wa lori la duka letu, na ndiyo iliyonikosesha raha wiki nzima. Naandika kwa sababu kwenye simu sisi wawili tunaishia kukatiana. Tangu tumzike dada, miezi saba sasa, sikumbuki kama tumewahi kufikisha dakika tano. Karatasi angalau haikati.

Dereva anasema alifika kwako Jumatano na televisheni niliyokutumia. Jirani wa chini akamwambia umeuza gari. Akapanda mpaka gorofa ya tatu, akachungulia kwenye dirisha la korido, akaona sebule imebaki kama darasa wakati wa likizo: viti viwili, meza, basi. Alipokuwa akishuka ndipo akakukuta getini, unaingia juu ya baiskeli, mguu mmoja wa suruali umeuchomeka ndani ya soksi. Ukampa maji, ukamshukuru, ukamwambia aurudishe mzigo ulikotoka. Amerudi nao. Uko hapa stoo mbele yangu.

Sasa nijibu kiume. Umefilisika? Unaumwa? Au kuna mtu unataka kumuoa, na hataki kukuta vitu vya mwenzake? Lolote kati ya hayo matatu nitalimeza. Lakini mtu wa miaka hamsini na sita, fundi miwani mwenye cheti ukutani, kuonekana mjini akihema juu ya baiskeli, hilo linanikaba. Mimi nimeuza vyombo vya umeme na samani miaka kumi na minane. Najua watu wanavyokuwa wanapoanza kutoa vya ndani.

Televisheni nitaituma tena wiki ijayo. Usinitie aibu mara mbili.

Mama Pacha anakusalimu. Pacha wenyewe wamepanda darasa na wote wana mapengo, tena upande uleule.

Shemeji yako,
Baba Pacha


Tarehe 15 Februari

Shemeji Baba Pacha,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nacheka. Nikujibu kwa mpangilio wako. Sijafilisika. Siumwi, isipokuwa goti la kulia, ambalo hulalamika mlimani na kunyamaza kwenye tambarare. Na simuoi mtu.

Ilianza na ile baiskeli ya mazoezi uliyotutumia, ile isiyokwenda popote, yenye kioo kidogo cha kupima mapigo ya moyo. Sisi tuliifanya ya kuanikia taulo. Baada ya msiba nikawa naikwepa kila nikienda jikoni, mpaka siku moja ikanikwaruza kiuno. Nikapandwa na hasira, nikaikalia, nikaanza kuikanyaga. Robo saa nzima nikitoka jasho, na ukuta uko palepale. Kesho yake nikaipeleka kliniki kwetu, chumba cha mazoezi ya viungo, kwa wagonjwa wanaohitaji kukanyaga bila kuanguka. Mhudumu wa chumba kile alikuwa anastaafu. Akaniambia naye ana baiskeli imelala chini ya ngazi, magoti yake hayaitaki tena, niende nikaichukue. Ndiyo hiyo. Nyeusi, nzito, kengele yake inakohoa kuliko kulia. Wiki ya kwanza ilipata pancha mara nne. Sasa naziba mwenyewe, na mikono iliyozoea skrubu za miwani imejifunza kuheshimu mnyororo.

Kwenda kazini natumia dakika thelathini na tano. Kwa gari zilikuwa arobaini, kwa sababu ya foleni. Gari likawa linakusanya majani, nikaliuza kwa mwalimu mwenye watoto watano.

Vingine vilifuata polepole; usidhani niliamka siku moja nikafagia nyumba. Sofa iko kwa jirani wa chini, mama yake mzazi amekuja kuishi naye na hawana pa kumkalisha. Friji ya milango miwili iko kwenye ile chekechea aliyokuwa akifundisha dada yako, wanawekea maziwa ya watoto. Mimi nanunua ninachokula siku hiyo. Nilifikiri kila kitu kikitoka nitaona pengo. Ninachoona ni kwamba sina cha kufuta vumbi, sina cha kumwitia fundi, na Jumapili yote ni yangu. Natoka asubuhi, nafuata barabara ya kwenye bwawa la maji mpaka lami inapoishia, nakula mkate wangu pale, narudi.

Sitakwambia nina furaha. Neno hilo bado ni kubwa kwangu. Nimetulia.

Tafadhali usitume televisheni.

Shemeji yako,
Fundi Miwani


Tarehe 24 Februari

Shemeji,

Friji umeipeleka chekechea. Sentensi hiyo niliisoma nimesimama.

Friji ile niliichagua mwenyewe siku ile daktari aliposema dawa zake zinataka baridi. Nilizunguka maghala mawili kutafuta rangi ya maziwa, kwa sababu alisema nyeupe kabisa inamkumbusha wodi. Sofa niliichukua ya mgongo mrefu ili aegemeze kichwa. Feni niliitafuta isiyo na sauti, kwa kuwa kelele zilikuwa zinamuumiza. Hivyo wewe unaviita vitu. Mimi ndivyo vilivyokuwa mikono yangu mle ndani.

Wewe ulikuwa mume wake. Una picha, una miaka ishirini na miwili, una kila neno alilosema. Mimi nilikuwa na vile tu, na umevigawa kama mtu anayehama. Unamfuta dada yangu chumba kwa chumba, kisha unapanda baiskeli kwenda kula mkate bwawani.

Umetulia, unasema. Hongera.

Baba Pacha


Tarehe 3 Machi

Baba Pacha,

Hili nilimwahidi dada yako kwamba sitakuambia.

Aliugua miezi kumi na moja. Lori lenu lilikuja mara tisa. Kila liliposimama pale chini alikuwa akiniambia, "Shuka uangalie, labda amekaa mbele na dereva." Nashuka. Yuko dereva, na liko sanduku. Napanda namwambia, "Ni mzigo." Mara za mwanzo aliniagiza nikushukuru vizuri. Ile mara ya feni hakufumbua hata macho. Akasema, "Mwambie nimepokea." Halafu akasema, "Hivi huko dukani kwao hawauzi tiketi ya basi?" Akacheka, ili nisiseme lolote.

Tuliishia kupita kwa ubavu ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kumtoa kitandani kumpeleka dirishani, ilinibidi nizunguke sofa yako nikiwa nimembeba. Alikuwa mwepesi. Ningeweza kuzunguka mji. Lakini ulipaswa kuona.

Hukuja. Ulikuja siku ya mazishi, ukakaa saa tatu, ukaangalia saa yako, ukaondoka. Usiniambie mimi ndiye ninayemfuta.

Fundi


Tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Mwezi umepita bila neno lako.

Nilichokuandikia ni kweli, lakini nilikiandika ili kikuumize, na hilo si kosa dogo. Nilikuficha pia nusu yake. Aliponiomba nisikuambie, hakuwa amekasirika. Alisema, "Ananiogopa nikiwa hivi. Tangu mdogo, akiona damu anakimbilia nyuma ya mlango, na mimi ndiye nilikuwa namfuata kumtoa." Alikusamehe zamani. Hasira zilikuwa zangu, nikazibandika jina lake.

Asubuhi nikiwa njiani nakuandikia barua ndefu kichwani, nzuri sana. Nikifika kazini nikishika kalamu imebaki mistari miwili. Niandikie, hata kama ni matusi.

Shemeji yako,
Fundi Miwani


Tarehe 19 Aprili

Shemeji,

Ni mimi Mama Pacha. Mwenzangu hajui kwamba nakuandikia, na usinijibu kwa anwani ya dukani.

Barua zako mbili amezipata. Ile ya Machi aliikunja akaiweka mfuko wa shati, nikaifua na shati lake. Nilipoikausha kwa pasi nikaisoma. Nisamehe. Tangu siku hiyo hagombi na mtu, hacheki na mtu. Anakula, anashukuru, anaingia chumba cha nyuma.

Hicho chumba hujawahi kukiona. Kilikuwa cha pacha. Mwezi uleule dada alipogundulika anaumwa, Baba Pacha aliwahamishia watoto sebuleni, akakipaka rangi, akaleta kitanda cha hospitali, kile kinachoinuka kichwani. "Atakuja kupumzika kwetu," akaniambia. Nilifurahi. Nikamuuliza, lini? Akasema mapazia bado. Mapazia yakaja, akasema kiti cha bafuni bado. Kiti kikaja, akasema chumba kina joto. Kila nilipomwambia, twende basi tukamwone mgonjwa kwanza, alinijibu, "Nitaenda kumchukua chumba kikiwa tayari." Chumba hakikuwa tayari, shemeji. Akafariki chumba kinasubiri zulia.

Nilidhani baada ya hapo ataacha. Hakuacha. Kuna taa tatu mle, pasi, vyombo ambavyo havijafunguliwa, na ile televisheni yako. Masanduku yamefika dirishani. Jioni anakaa juu ya sanduku moja na mlango ameuegesha. Watoto bado wanalala kwenye godoro sebuleni. Juzi mmoja aliniuliza, "Mama, kwani nani anakuja?" Nikajifanya sijasikia.

Sikuombi uje, ni mbali na una kazi. Nimekuambia kwa kuwa mimi nikisema, ananiambia sielewi. Wewe hawezi kukuambia huelewi.

Wako,
Mama Pacha


Tarehe 14 Mei

Shemeji,

Mama Pacha amenionyesha ujumbe wako kwamba umerudi kwako salama na goti linakudai maelezo. Kwa hiyo naweza kuandika.

Zile siku nne ulizokaa kwetu sikusema mengi. Hukunibana, nami nilijificha humo. Lakini nataka ujue nilivyoona mimi. Ijumaa ile uliyofika, mlinzi wa duka alinijia akaniambia, "Mkuu, nje kuna mzee mchafu, anasema ni shemeji yako." Nikatoka. Siku mbili juu ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, miwani peke yake ndiyo safi. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyanoa tangu Machi. Ukaniambia, "Shemeji, naomba maji." Nikakimbia kuyaleta. Niliporudi sikuona tena mahali pa kuanzia ugomvi.

Na pale chumbani. Nilikuwa najiandaa kwa hotuba. Ulisimama mlangoni ukatazama mpaka nikaona haya, halafu ukauliza tu, "Tuanzie wapi?" Kama fundi aliyeitiwa kazi. Kile kitanda tulipokifikisha wodini kuwaachia wagonjwa, yule muuguzi alipokijaribu kikainuka, ulinishika bega, na hukuniambia nisilie. Nakushukuru kwa hilo kuliko mengine yote.

Pacha wamerudi chumbani kwao. Wanagombania upande wa dirisha. Mama Pacha anaimba tena akifua, na sauti yake ni mbaya kama zamani.

Kuhusu baiskeli. Mtu wa miaka arobaini na minne, sikuwahi kujifunza, na wewe ukanishikia kiti uani kama mtoto huku mabinti zangu wameketi kwenye ngazi wakinicheka kwa zamu. Mkono wako ulipoachia sikujua. Nilijua nilipokuta ukuta. Sasa nimepata ya mtumba, kijani, kubwa kidogo kwangu. Naenda nayo kazini siku tatu kwa wiki. Wenzangu wanasema shemeji yangu aliniambukiza. Jambo moja limenishangaza. Nikiwa kwenye gari, kila dirisha la duka lilikuwa na neno na mimi: hii hujanunua, ile imetoka mpya. Juu ya baiskeli nina kazi ya kukwepa mashimo, na nikifika najikuta sijatamani kitu njia nzima. Nafika nimelowa jasho, njaa inaniuma, na nakula chai na mkate kama mtu aliyepewa zawadi. Juzi mama mmoja alitaka friji mpya. Nikamuuliza, "Ya zamani ina nini?" Akasema mlango haufungi vizuri. Nikamwambia ni mpira tu, abadilishe. Meneja alinitazama kama nimetema mate sakafuni. Sijui nitadumu pale, na si jambo linalonitisha kama ambavyo lingenitisha mwaka jana.

Sasa lile nililoshindwa kusema uso kwa uso. Mama Pacha hajui. 

Nilikuja. Aprili mwaka jana, Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilidanganya nyumbani kwamba kuna semina. Nikaegesha gari ng'ambo ya jengo lenu, karibu na duka la vitabu. Nikainua macho nikaona mwanamke amekaa dirishani kwenu, kitambaa cha kijani kichwani. Nikafikiri ni mama yako amekuja kuuguza. Halafu akainua mkono akakisukuma kitambaa nyuma ya sikio kwa kidole cha mwisho, na hakuna mtu mwingine duniani anayefanya hivyo. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango. Haukufungua. Nilikaa mpaka taarifa ya habari ikaisha redioni, nikageuza gari. Jumatatu nikatuma feni.

Basi umejua. Nilipokuandikia kwamba unamfuta, nilikuwa najisemea mwenyewe.

Naomba kitu kimoja. Nieleze ile miezi. Habari za hospitali ziache, hizo nilikuwa napewa. Nataka kujua alikuwaje, akikaa pale dirishani anasema nini, anacheka nini. Usifupishe, wala usinihurumie.

Shemeji yako,
Baba Pacha


Tarehe 25 Mei

Shemeji wangu,

Barua yako niliisoma kazini, kati ya mteja na mteja, nikalazimika kuvua miwani yangu mwenyewe na kuisafisha.

Sijui kama alikuona. Najua unataka kuuliza. Hakuniambia lolote kuhusu Jumamosi ile, na sitakutungia la kukufurahisha wala la kukuumiza. Alikuwa akikaa pale kutwa na aliona magari mengi. Ulifika ng'ambo ya barabara. Wengi hawakufika hata hapo. Liachie hapo kwanza.

Umetaka nisifupishe. Nitakuandikia kila wiki, maana ni mengi. Leo nianze na lile ambalo na mimi nilikuficha. Nilikwambia mambo ya baiskeli yalianza na ile ya mazoezi. Si uongo, ila huo haukuwa mwanzo.

Ilikuwa Mei mwaka jana, hawezi tena kushuka ngazi. Nikirudi kazini jioni namkuta dirishani, ananiuliza, "Leo barabarani kulikuwa na nini?" Nikamjibu, "Foleni." Kesho yake akauliza tena. "Foleni." Siku ya tatu akaniambia, bila ugomvi, "Mume wangu, mimi naona kipande cha barabara kisichozidi nguzo tatu za umeme. Wewe unaiona yote. Basi niletee."

Miaka kumi na tisa nimepita njia ile, na sikuwa na hata kitu kimoja cha kumpa.

Kesho yake gari nililiacha katikati ya njia, nikamalizia kwa miguu, kwenda na kurudi. Jioni nikaketi miguuni pake nikamwaga mzigo wangu. Kuna mtu anapaka geti lake rangi ya bluu, rangi imemwishia nusu, upande mmoja unang'aa na mwingine ni kutu. Kuna shule, watoto wanaimba jedwali la saba, wanakosea saba mara nane, wanakosea wote kwa pamoja na kwa sauti kubwa. Kuna mbwa amelala ndani ya tairi. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Akauliza, "Tairi la lori au la gari dogo?"

Nikasema sijui.

"Kesho uangalie."

Nikaangalia. La lori. Nilipomwambia aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza na kimefika kizima. Pale ndani palikuwa na kila alichotuma ndugu yake na kila alichonunua mumewe, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumfanya aitikie vile.

Tangu hapo nikawa mwindaji. Tulikuwa na wiki sita. Geti lile ndilo alilolipenda zaidi, aliulizia kila siku kama afya ya jirani: "Amepata rangi?" Bado. "Atapata." Mwanzoni mwa Julai yule bwana akapata rangi, lakini bluu ilikuwa imekwisha mjini, akamalizia kwa kijani. Nilipomweleza alicheka mpaka nikamshika mgongo, akasema, "Mkewe amekubali?" Nikasema sikumuuliza. Akasema, "Wewe bwana, unarudi bila kuuliza jambo la maana." Siku mbili baadaye alifariki. Sikuwahi kumuuliza mke wa yule bwana.

Baada ya mazishi nikarudi kwenye gari, na barabara ikajifunga tena. Foleni tu, kwenda foleni, kurudi foleni. Niliona nimempoteza mara ya pili. Baiskeli ilipokuja nilijifunza kwamba mwendo wake ni mwendo wa kuona: upesi kuliko miguu, na bado watu wanakusalimia kwa jina la kazi yako. Vitu vya ndani viliondoka kwa sababu nilikuwa nafika nyumbani tayari nimejaa.

Na mpaka leo namkusanyia, shemeji. Sioni haya kukwambia wewe. Asubuhi ya leo, karibu na kituo cha mafuta, mwanamke alikuwa anamfunga mumewe tai kando ya njia, na mume ameshikilia kipande cha mkate kwa meno kwa kuwa mikono yote miwili ina mizigo. Nilishika breki, nikashusha mguu, nikahesabu vifungo vya koti la yule mume. Viwili, cha kati hakipo, na pale kilipokuwa pameshikizwa kwa pini.

Angeuliza.

Shemeji yako,
Fundi Miwani